Chekeche la Majina na Faini ya Kuku

Siku hiyo chumbani tulikuwepo hawa. Gervas, fundi wa kompyuta, Mngoni wa Songea, kwa hiyo mtani wangu, maana mimi ni Mmwera na Wangoni waliwasumbua babu zetu vya kutosha. Anastasia wa Mnero, Mmakua, mkulima wa ufuta na mbaazi, aliyekuwa akimtafuta mdogo wake. Bibi Apolonia, mama mkubwa wa Anastasia, tumbo moja na Veronika, marehemu mama yake Anastasia, na tena nyakanga, yaani mkuu wa wale makungwi wanaowaingiza wasichana unyagoni. Bakari mlinzi, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Mwanaidi, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akikwepa jua. Na mimi, Rukia, wa darasa la nne, nimeshika kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika chura.

Nimewataja mapema ili mjue nani ni wa nani. Bila hivyo hamtaelewa kwa nini nililipa kuku.

Mjukuu wangu Zuhura anasoma kompyuta chuoni. Amewaambia wenzake kwamba bibi yake wa Nachingwea aliwahi kuandika rejeksi, zile alama za kutafutia maneno kwenye kompyuta, wakamcheka. Sasa nawaandikia ninyi mliocheka. Mna haki, hata mimi nilijicheka. Ila niliandika kweli, na nyingi nilizikosea.

Mtaniuliza nilifikaje huko. Nilifika kwa sababu ya mdomo. Amani iliporudi Msumbiji, miaka ile ya tisini, wakimbizi waliokuwa wametapakaa kwetu walianza kurudi kwao. Malori yalikuwa yanasimama Nachingwea mjini, watu wamejaa na mafurushi, na wengine wanatoka Mnero na Ruangwa kuja kuangalia kama ndugu waliopotezana nao njiani wamo. Mimi nilikuwa nauza mihogo ya kuchemsha pale pale. Sauti yangu Mungu ameijalia. Mtu alikuwa ananinong'oneza, "Mama, niitie Manueli mwana wa Rosa," nami naweka sufuria chini na kupiga ukelele mpaka dereva anaziba masikio. Majina yalinikaa. Mpaka leo naweza kuwatajia nani alishuka kwenye lori lipi na alikuwa amebeba nini. Ila nilikoweka miwani yangu asubuhi ya leo, hilo msiniulize.

Baadaye, miaka ya elfu mbili imeshaanza, ukaja mradi wa kuunganisha ndugu waliopotezana wakati wa vita vya kule. Walipanga chumba nyuma ya duka la bati na saruji, wakaweka dishi juu, jenereta nje, na kompyuta tatu ambazo moja ilikuwa inafanya kazi. Walitafuta mtu wa kuwahoji wazee kwa Kimwera, Kimakua na Kimakonde. Watu wakasema, mchukueni Rukia, yule mwenye kelele. Nikachukuliwa. Sufuria la mihogo nikampa Mwanaidi, naye alinishukuru kwa miezi miwili, akaanza kunidai na jiko.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi ulikuwa na ubao wa matangazo kwenye mtandao. Mtu popote alipo, Msumbiji au Tanzania, alikuwa anaandikiwa tangazo lake: namtafuta fulani, mimi ni fulani. Lakini aliyetengeneza ubao ule alisahau kuweka mahali pa kutafutia. Ulikuwa unakuta orodha ndefu ya anwani za bluu, moja chini ya nyingine, na kila anwani ina tangazo nyuma yake. Kuzifungua moja moja kwa mtandao wetu wa dishi ilikuwa sawa na kungoja jiwe liive. Basi Gervas alikuwa anaichota orodha nzima mara moja na kuiweka ndani ya mashine. Akazima mtandao, akasema, "Yote tunayoyataka yamo mkiani mwa anwani. Hakuna haja ya kufungua mlango kama unaona mguu wa mwenye nyumba unatokeza."

Mkia wenyewe ulikuwa hivi:

tangazo?namba=77&jina=yusufu&kijiji=chunyu&mama=amina

Angalieni. Baada ya alama ya kuuliza, kila kitu kimekaa na mwenzake, katikati yao alama ya sawasawa. Jina ni Yusufu, kijiji ni Chunyu, mama ni Amina. Na kati ya jozi na jozi kuna kile kialama kinachofanana na mtu aliyekaa chini amekunja miguu. Huyo aliyekunja miguu ni ua, yaani uzio. Huku kwa fulani, kule kwa fulani.

Kutoa jina kwenye mkia kwa macho si kazi. Kutoa majina kwenye mikia elfu na kitu ndiyo kazi, na hapo ndipo rejeksi ilipoingia. Unaiandikia mashine umbo la kile unachokitaka, nayo inapitisha mistari yote, inakuletea vinavyofanana na hilo umbo. Gervas alikuwa na maelezo yake marefu ya chuoni. Nilipomsikiliza nikamwambia, "Mtani, si useme tu chekeche." Kuanzia hapo ikawa chekeche.

Gervas hakunifundisha kwa mapenzi. Alinifundisha kwa kuchoka. Kila mzee aliyekuja, nilikuwa nakwenda kumvuta shati: mtani, nitafutie huyu, mtani, nitafutie yule. Siku moja akasimama, akanikalisha kwenye kiti chake, akasema, "Wangoni hatutumwi na Wamwera. Chekecha mwenyewe."

Chekeche langu la kwanza alinipa yeye nusu, nusu nikamalizia mwenyewe kwa kiburi. Niliandika jina=(.*)& nikaona nimeshakuwa fundi. Mabano ni kikapu: kitakachoangukia ndani ndicho utakachobeba. Nukta ni herufi yoyote. Nyota ni kiasi chochote. Yaani: anzia penye jina, beba chochote, ishia kwenye ua. Nikaiendesha, majina yakaja, nikayanakili kwenye karatasi bila kufikiri, nikapanda pikapu ya mradi hadi Ruangwa. Sokoni pale nikasimama juu ya kreti la soda, nikasoma kwa sauti ile ya malori: "Anatafutwa ndugu wa yusufu-kijiji-sawasawa-chunyu."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja, Alfani, muuza tumbaku, akatikisa kichwa kwa heshima. "Jina refu hivyo," akasema, "huyo atakuwa amelelewa na Mreno."

Niliporudi Gervas alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nyota, vijana, ni mlafi. Ukiiambia ibebe chochote mpaka kwenye ua, haisimami kwenye ua wa kwanza. Inapita, inakula na ya jirani, inasimama kwenye ua wa mwisho kabisa. Mnamjua yule mgeni wa msibani anayeanza kula upande wake wa sinia na mara mkono uko upande wako? Ndiye huyo.

Dawa yake niliielewa kwa sababu ya korosho. Zamani kabla ya mihogo niliwahi kuchambua korosho ghalani, na msimamizi wa meza yetu, Mama Sofia, alikuwa akisema, "Usitafute korosho, korosho ni nyingi. Tafuta kisichokuwa korosho, toa, basi." Gervas akaniandikia jina=([^&]*) akaniuliza inasema nini. Nikaangalia mabano yale ya pembe na kofia ndani yake. Akasema kofia ni hapana. Nikasema, "Chota kila kisichokuwa ua." Akanitazama kama vile mbuzi amesalimia. Nyota ikiwa imefungwa hivyo haiwezi kuruka kwa jirani, kwa sababu ua wenyewe imekatazwa kuugusa.

Nikawaza sasa nimekomaa. Wiki ile ile nikakutana na asilimia.

Kwenye anwani hakuna nafasi tupu. Mtu mwenye majina mawili, katikati mashine inamchomekea alama ya asilimia na ishirini. Mimi sikuambiwa. Niliona mzee mmoja wa Chunyu ameandikwa hivyo, nikaona na mwingine, nikajiambia kumbe wamewapima hali zao. Nikamwendea Gervas polepole, kwa sauti ya hospitalini, nikamuuliza, "Hawa waliobakiwa na asilimia ishirini, twende kwao kwanza?"

Hilo alilisimulia mpaka Songea. Kaka yake alipokuja kumtembelea alinisalimia, "Shikamoo mama, leo umeamka na asilimia ngapi?"

Na moja zaidi ya ufundi kabla sijarudi kwa Anastasia, mtanisaidia kuikumbuka mkiwa kazini. Nyota inakubali hata sahani tupu. Kama mtu hakuandika jina la mama, nyota inakuletea kikapu kitupu na inajisifu imefanya kazi. Ukitaka lazima kuwe na kitu, weka jumlisha badala ya nyota. Jumlisha inataka walau tonge moja. Nilipoteza mchana mzima nikiita sokoni majina ya watu ambao hawakuwa na majina.

Sasa Anastasia.

Alikuja mara ya kwanza msimu wa kupalilia, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akakaa mbele yangu na kusema anamtafuta Lusia. Walikuwa wanakimbia vita, yeye msichana mkubwa, Lusia bado mdogo, mama yao Veronika amewatangulia na mzigo. Wakavuka Ruvuma. Ng'ambo ya huku watu walitawanyika usiku kwa kusikia milio, kulipokucha Lusia hayupo. Mama yao alifia Mnero akiwa bado anamuulizia.

"Una watoto, mwanangu?" nikamuuliza, maana fomu ilitaka.

"Wa kiume watupu. Wanne."

Nikaelewa, na ninyi mnaotoka kwingine mwelewe. Kwa Wamakua, kama kwetu Wamwera, ukoo unashikwa na mwanamke. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Veronika alikuwa na mabinti wawili tu. Bibi Apolonia hakujaliwa kuzaa. Anastasia alikuwa na wavulana wanne, wazuri, wenye nguvu, na wote watoto wao watakwenda kuwa wa koo za wake zao. Lusia asipopatikana, ukoo ule unaishia kwenye kaburi la Anastasia. Hakulisema kwa kulia. Alilisema akikuna udongo mkavu kwenye kifundo cha mguu wake.

Nikamwahidi. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuahidi.

Nikachekecha Lusia. Gervas alishanionyesha kwamba mabano ya pembe yanaweza kuwekwa herufi mbili, mashine ichukue yoyote, kwa sababu Wareno wana namna yao ya kuandika. Kwa hiyo nikaweka lu[sc]ia, na nilijiona profesa. Zikaja Lusia. Lusia wa Pemba ya kule kwao, mzee. Lusia anayetafuta mume. Lusia aliyekufa, anatafutwa na mwanawe. Kila Gervas alipochota orodha mpya nilichekecha tena, na kila Anastasia alipokuja nilikuwa na jibu lile lile. Alikuwa ananiletea mbaazi. Mwisho nikawa naziogopa mbaazi zile. Nikimwona anakuja barabarani na kifurushi, natamani niwe chini ya meza.

Ndipo tukafika ile siku. Anastasia alikuja na mama yake mkubwa, Bibi Apolonia, mwembamba, mnyoofu, shanga shingoni, na macho ya mtu ambaye amewanyamazisha wasichana wa vijiji vitano. Hakukaa kwenye kiti. Akatandika kanga yake sakafuni.

"Wewe ndiye unayemtafuta mwanangu ndani ya sanduku?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwaka huu wa pili. Kama ungetafuta kwa miguu ungekuwa umeshafika Maputo na kurudi."

Bakari mlangoni akacheka. Nikamwambia shemeji, angalia jenereta.

Gervas alikuwa anafuta vumbi kwenye waya. Akaja akainama nyuma yangu, akaona chekeche langu la Lusia lenye mapambo yote. Akauliza taratibu, "Mtani, unamtafuta mtu, au unatafuta jina?"

"Vina tofauti?"

"Jina amekupa nani? Huyu dada hapa. Aliyepotea anaweza kuwa anajiita vingine. Amelelewa na nani, wewe unajua? Mama yake lakini hawezi kumbadilisha."

Akanisogeza kidogo, akaandika mwenyewe. Jina akaliacha kama kikapu kitupu, kijiji akakiacha kipite bila kubebwa, na kwenye mama akaweka Veronika:

jina=([^&]+)&kijiji=[^&]*&mama=veroni[ck]a

Yaani, wajukuu zangu: nileteeni jina lolote lile, la mtu yeyote, kijiji chochote, mradi mama yake ni Veronika. Mimi miezi yote ile nilikuwa naijaza nafasi ambayo tulitakiwa kuiacha wazi. Nilikuwa nalimwagia chekeche jibu, halafu nalishangaa halinipi jibu.

"Endesha wewe," Gervas akasema. "Ni mteja wako."

Nikabonyeza. Yakaja majina machache, yamepangwa moja chini ya lingine. Na mimi, mwanamke wa malori, mwanamke wa kreti la soda, sikuyasoma kimoyomoyo. Sijawahi kusoma kitu kimoyomoyo. Nikavuta pumzi na kuyatoa kwa sauti yote ili Bibi Apolonia aliyekaa sakafuni asikie vizuri.

La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nikalitoa, neno fupi la Kimakua, nikaona Anastasia amesimama wima na kanga yake imeshafika kwenye kioo cha kompyuta. Amekifunika chote. Bibi Apolonia naye ameinuka, sijui aliinuka vipi kwa umri ule, ameniwekea kiganja mdomoni.

"Nyamaza," akasema. "Umeshasema. Usirudie."

Ninyi wengi hamkuchezwa unyago, kwa hiyo niwaeleze. Msichana akiingia unyagoni anaacha ndani kule jina la utotoni. Anatoka na jina la kikubwa. Lile la kwanza halitamkwi tena, na kumwita mtu mzima jina lake la utotoni, tena mbele ya wanaume, ni sawa na kumvua nguo sokoni. Kwetu Wamwera ni hivyo hivyo, na mimi najua fika, nimechezwa na nimecheza wengine. Ila jina la Kimakua ningelijuaje? Kwangu lilikuwa jina kama majina.

Ndiyo maana Anastasia miezi yote hakunitajia. Mdogo wake sasa ni mwanamke mzima, popote alipo. Akanipa jina la ubatizo, Lusia, la heshima, ambalo yule mtoto alimwagiwa maji nalo mara moja na hakuna aliyewahi kumwita kwalo.

"Ni yeye?" Gervas akauliza.

"Wewe umesikia?" Bibi Apolonia akamgeukia.

"Mimi?" Gervas akaangalia dari. "Mimi Mngoni, bibi. Kimakua sikijui, masikio yenyewe nimeyaacha Songea."

"Umesikia. Na yule wa mlangoni amesikia."

Bakari alikuwa ameshakwenda kuangalia jenereta.

"Aliyetamka," Bibi Apolonia akasema, "kuku. Jike, mzima, asiye na kilema. Waliosikia, kila mmoja yai."

"Bibi," nikasema kupitia vidole vyake, "lakini nimempata."

"Umempata na umemvua. Kwa kumpata, ahsante. Kwa kumvua, kuku."

Anastasia hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameingiza kichwa chini ya kanga, yeye na kioo wako peke yao humo ndani, na sauti yake ikatoka huko, "Gervas, mwanangu, hii inafunguliwaje?"

Gervas akawasha mtandao. Tukangoja. Akapitisha mkono chini ya kanga kama daktari, macho amegeuzia ukutani kwa kuogopa yai la pili, akabonyeza kwa kupapasa. Tangazo lilipofunguka Anastasia alilisoma polepole, na kwa kuwa Kiswahili chake cha kusoma kilikuwa kama changu, alilisoma kwa kutafuna. Mwanamke wa Montepuez, ameandikiwa na katekista wa huko. Anamtafuta dada yake na mama yake Veronika. Nakumbuka mstari mmoja: "Nimeandika jina hili mnisamehe, ndilo peke yake mnalonijua nalo."

Anastasia akatoa kichwa nje.

"Hii karatasi," akauliza, "ni nani anaweza kuiona?"

"Yeyote mwenye mtandao," Gervas akasema.

"Nachingwea hii?"

"Na Dar. Na Ulaya."

"Na Wareno?"

Gervas alifikiri kama amdanganye. "Na Wareno."

Akaivuta kanga ifunike kioo vizuri. Bibi Apolonia akapiga ulimi kwenye meno, mara moja. Mimi nilikuwa nimeshazoea kwamba mtu akipatikana watu wanapiga vigelegele. Hapa hakuna aliyepiga. Mtoto wa Veronika alikuwa amejivua mwenyewe mbele ya dunia nzima, kwa makusudi, ili dada yake amtambue, na amekaa hivyo sijui tangu lini, na mimi siku zote hizo nampita nikimtafuta Lusia.

"Mtoeni pale," Anastasia akasema. "Kwanza mtoeni. Halafu tumwandikie."

"Dada, haiwezekani hivyo," Gervas akasema. "Aliyeweka tangazo ndiye anayeomba litolewe. Tumwandikie kwanza. Akishajua ni wewe, aombe mwenyewe."

"Atajuaje ni mimi? Mtu yeyote anaweza kusema ni dada yake."

"Mwite kwa jina lile."

"Hapana."

"Sasa Lusia?"

"Labda hata hakumbuki kama aliitwa Lusia." Akafikiri. Kisha akashika sikio lake la kushoto, akalivuta mbele tukaona kovu nyuma yake, kama mwezi mdogo. "Mwandikie: yule aliyekubeba mgongoni tukivuka Ruvuma, ukamng'ata sikio kwa kuogopa maji, bado ana alama. Basi. Usiweke jina la mtu yeyote."

Gervas akaandika hivyo hivyo. Mimi nilitaka kuongezea salamu, Bibi Apolonia akaniangalia, nikaacha.

Jibu lilikuja kabla ufuta haujavunwa. Katekista aliandika kwamba alipomsomea yule mama, alicheka kwanza, ndipo akalia, kisha akauliza ni sikio gani. Tukaandika la kushoto, likarudi jibu: basi ni yeye.

Yule mama alifika kwa lori la chumvi kupitia Masasi, na dereva, Saidi Ngozi, alikataa kumtoza nauli baada ya kuisikia hadithi njiani. Jina lake la kikubwa ni Asha, maana walimlea Waislamu wa huko na akachezwa unyago kwao. Alikuja na mabinti wawili, mmoja ameshamfikia mama yake mabegani. Siku niliyoitwa Mnero nilimkuta Bibi Apolonia amewakalisha wote wawili kwenye mkeka na kuwatazama kama mtu anayekagua mbegu. Kuku wangu mweupe alikuwa sufuriani. Walininyima paja.

Wiki iliyofuata Asha na dada yake walikuja chumbani kwetu. Nilimuuliza Asha kwa nini hakuandika jina la kikubwa, au Lusia. Akasema, "Lusia ni wengi. Asha wa kwetu hawamjui. Lile ni letu peke yetu." Alilisema bila aibu. Ila alipoketi mbele ya mashine na Gervas akamuuliza kama anataka tangazo litolewe, alijibu ndiyo kabla Gervas hajamaliza kuuliza.

Gervas akawaandikia wenye ubao. Ilichukua siku, wale watu walikuwa na mambo mengi. Anastasia na Asha walikuwa wanakuja na kuondoka, na mimi kila Gervas alipochota orodha nachekecha na kuona bado lipo, nafunika kioo kwa kanga kabla mtu hajaingia. Nilishaanza kuwa na adabu.

Mara ya mwisho walikuwepo wote: Asha, Anastasia, mabinti, na Bibi Apolonia sakafuni. Niliweka chekeche lile lile la Gervas, la Veronika. Nikabonyeza. Yakaja yale machache, nikayasoma moja moja kwa macho tu, midomo nimeibana. Lile halikuwemo. Nikarudia kwa njia nyingine, nikarudia tena, nikamwita Gervas aangalie kama nimekosea, maana mara nyingi nilikosea. Akasema hakuna kosa. Halipo.

"Sanduku limesema nini?" Bibi Apolonia akauliza.

"Halijasema kitu, bibi."

Akavuta kanga yake begani. "Basi limeshafundika," akasema, na akawanyooshea mkono wale mabinti wamnyanyue.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Saidi Ngozi huenda lori lake lilikuwa la sabuni, si la chumvi. Gervas akisoma atasema mabano yangu hayako sawa, na kwamba yai alilipa yeye peke yake, Bakari hakulipa. Mzee Alfani huenda aliuza ugoro. Wajukuu wa Bibi Apolonia wako Mnero, na watu wa Chunyu wapo, waulizeni, mje mnisahihishe popote nilipoteleza, sitakasirika. Na kama katika kuulizauliza huko mtu atawatajia lile jina la mtoto wa Veronika, msiniletee. Nalikumbuka.